Toleo Bichi

Fundi wa kompyuta wa ofisi moja ya kuhudumia wazee huko Northfield, ughaibuni, hanywi chai ikiwa moto. Kila bosi akimhimiza aweke toleo jipya la hifadhidata inayotunza ratiba, lile ambalo watengenezaji wenyewe bado wanalijaribu, yeye hupapasa kikombe chake na kujibu kwa sauti ya chini, "Bado halijaiva." Kerubo, anayepanga ziara za wahudumu kwa wazee majumbani, humshukuru kimoyomoyo, maana ratiba ikipotea kuna bibi atakayekosa dawa yake. Ndiyo maana alishangaa kuona kwamba fundi, kwenye laptopu yake mwenyewe, ile yenye kioo kilichopasuka, huendesha toleo lilo hilo bichi. Humo hutia maneno ya nyimbo ambazo mama yake humwimbia kwa simu kutoka Kisii. Huyachapa kwa vidole viwili, wala hayawekei nakala kwingine.

Mchana mmoja toleo hilo likazimeza nyimbo zote. Fundi alijikuna kidevu, akawaandikia watengenezaji kuwaeleza kosa lilipo, kisha akachukua simu.

"Si ungejaribia data ya uongo, fundi?" Kerubo alimuuliza.

"Ya uongo ikipotea haiumi, dada. Na isiponiuma, sitaitazama vizuri."

Simu ikapokelewa. "Mama, samahani, niimbie tena ule wa mavuno."

"Tena? Si nilikuimbia juzi?" Mama akacheka, akakohoa, akaanza. Fundi akainamia vidole vyake viwili. Kwenye skrini ya Kerubo, ziara za jioni zilikuwa zimetulia mahali pake, zote.