Mtaro Uliofukiwa Jumamosi

Kazi yangu ni kuangalia kazi za watu wengine. Nikiieleza hivyo kwenye harusi, watu hucheka kidogo, kisha humgeukia aliyekaa upande wa pili. Kwa miaka mingi nimesimamia ukaguzi na ubora kwenye miradi ya mabomba: vituo vya pampu, matenki, valvu, mitaro inayopanda na kushuka vilima. Sichimbi wala sichomelei. Nafika wengine wakishamaliza, nainama, natazama, na mara nyingi nasema hapana. Hakuna anayefurahi kuniona nikishuka kwenye gari, na siku hizi mimi mwenyewe sifurahi kushuka, maana magoti yangu yamezeeka kunizidi.

Wakati huo tulikuwa tunajenga kituo cha pampu Masaka, pembeni mwa Kigali, ambako mashamba ya maharage na nyumba mpya vinagombea kilima kimoja. Kutoka kituoni, bomba la chuma lilipanda hadi kwenye tenki jipya, na mtaro wake ulipita mbele ya ua wa mama mmoja mjane. Alikulia Kongo, mimi nilizaliwa Tanzania, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kila mtu na chake. Kinyarwanda changu kinachechemea, na yeye hakukionea huruma hata siku moja. Alituhifadhia vifaa kwenye stoo yake, na kila nilipopita aliniuliza swali lile lile.

"Mwana yangu, maji iko kuja lini?"

Alikuwa na sababu. Binti yake wa mwisho alikuwa anaposwa, hapo hapo nyumbani, na ukoo mzima wa mwanamume ungekuja kukaa chini ya mahema. Maji yalikuwa bondeni. Miaka yote alipanda kile kilima na dumu la njano kichwani, na sasa alitaka siku moja tu, siku ile, wageni wakitaka kunawa, afungue bomba uani kwake. Nilimwambia kwamba tukienda vizuri maji yatakuwa yamefika. Sikumdanganya. Ratiba ilikuwa inaruhusu.

Lakini kuna kanuni moja ambayo sijawahi kuilegeza. Bomba lenyewe linaweza kufukiwa, ila maungio yake, pale vipande viwili vilipochomelewa pamoja, huachwa wazi mpaka niyakague, kisha bomba lijazwe maji na kusukumwa kwa presha kubwa kuliko ile litakayobeba maishani mwake, tuone kama kuna kiungo kinachotoa hata unyevu. Kiungo kilichofukiwa kabla ya hapo, kwangu mimi hakijajengwa.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo kila mtaa hutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Mimi nilikuwa Kibagabaga ninakoishi, nikizibua mfereji wa mvua karibu na hospitali pamoja na majirani zangu, huku nikilalamika mgongo. Asubuhi hiyo hiyo, kule Masaka, kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wao, alikuwa anatafuta kazi ya kuwapa watu wake. Akautazama mtaro wetu. Mbuzi wa mtu alishatumbukia humo, na mvua zilikuwa zinakuja. Akasema, tuwasaidie hawa watu wa maji.

Jumatatu nilipofika, mtaro haukuwepo.

Udongo ulikuwa umeshindiliwa vizuri kuliko vibarua wetu walivyowahi kuushindilia. Juu yake walikuwa wamepanda ukoka kwa mistari iliyonyooka, na mbele ya ua wa mama kulikuwa na maua mekundu, bado yana maji ya kumwagiliwa. Nilisimama pale na kofia yangu ngumu mkononi, nikaona jinsi kazi yao ilivyopendeza, na nikataka kulia.

Kapita wetu, msimamizi wa vibarua, alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Patron, wametuokoa! Hii ingekura siku mingi."

"Uliyaona maungio kabla hawajafukia?"

"Mimi nirikuwa umuganda ya kwetu."

Bila shaka. Mlinzi alikuwa umuganda wa kwao, mafundi wa kwao, mimi wa kwangu. Kila mtu alikuwa mahali pengine akiwatendea wema majirani zake.

Nilimpigia simu mkuu wa mradi, ofisini Kacyiru. Alinijibu kwa upole, na upole wa namna ile hunichosha kuliko matusi. "Mafundi si wale wale? Wamekuangusha lini? Na wananchi wamejitolea, jamani. Utawaambia nini?" Hakuniambia nipitishe. Huwa hawasemi. Wanakuachia kimya kirefu kwenye simu ili ukijaze mwenyewe.

Nilikaa garini muda mrefu. Nilijua kwamba pengine yuko sahihi. Mafundi wale walikuwa wazuri. Nikinyamaza, mama anapata maji kabla ya wageni, watu wanabaki na kazi yao nzuri, na mimi nakuwa mtu mwema kwa mara moja. Nikikataa, naifukua kazi ya mikono yao mbele ya macho yao. Na kama kiungo kimoja kinavuja kule chini, maji yatakula udongo wa kilima polepole, hadi msingi wa nyumba ya mtu. Nilichoka. Si kwa kazi ya siku ile, nilichoka kuwa mimi. Nikajikaza kisabuni, nikashuka.

Kiongozi wa mudugudu alinisikiliza akiwa ameinamisha uso. Majirani wakaanza kukusanyika. Mama ndiye aliyesema.

"Unataka kutubomorea kazi yetu? Uliona kitu mbaya?"

"Sijaona kitu chochote, mama. Hiyo ndiyo shida."

"Na mugeni zangu?"

Alinitazama kidogo, kisha akapiga magoti akaanza kung'oa maua yake mwenyewe, moja moja na mizizi yake, akiyapanga kwenye beseni la plastiki. Nilipotaka kumsaidia aliusogeza mkono wangu kando.

Tukafukua kila penye kiungo. Cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kizima. Nilipiga tochi, nikapitisha kidole, nikawaleta wapimaji na mashine yao ya kuona ndani ya chuma. Mishono yote ya kuchomelea ilikuwa safi. Nitasema wazi: kuna wakati nilikuwa natamani kupata ubovu, ufa hata wa unywele, niwe na cha kuwaonyesha watu. Sikupata. Kapita alikuwa anapiga mluzi tu.

Siku ya posa ikatukuta bado tunafukua. Nilijitolea kumpelekea mama gari la maji la mradi. Alijibu kwamba ahsante, wapwa zake wana miguu. Asubuhi hiyo niliwaona wakipanda kutoka bondeni na madumu, wamevaa mashati meupe ya sherehe, wameyakunja mikono. Mmoja wao alinisalimia. Ingekuwa nafuu kwangu kama asingenisalimia.

Baada ya hapo tukafanya jaribio la presha. Mshale wa geji haukutikisika. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu kwamba kila kitu ni kizima, nikalala bila kula.

Jumamosi nyingine ya umuganda ilipofika, nilimwomba ruhusa kiongozi wa mtaa wangu, nikaenda na jembe langu Masaka. Sikujua kama mtu yeyote atatoka. Walitoka. Walisimama kando ya mtaro, na kapita, naye ameomba ruhusa kwao, akainua koleo la kwanza.

"Ngoja," mama akasema. "Ameangaria?"

"Imepita yote, mama," kapita akajibu. "Presha, mashine, yote."

"Sikuuriza wewe." Akanigeukia. Beseni lake la maua lilikuwa miguuni pake. "Mwana yangu, shuka. Angaria moja moja, sisi tuone. Hii maua sitaing'oa tena."

Watu wote wakaegemea majembe yao wakasubiri. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeombwa niharakishe, nielewe, nisaidie, nifumbe macho. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniomba niangalie. Nikashuka haraka wasinione uso.

Nikaanzia chini. Nilishika kiungo, nikakizunguka na tochi, nikasema, hiki kizuri, nao wakafukia. Kinachofuata, kizuri, wakafukia. Jua lilipanda, mtu akaanza kuimba kwa sauti ndogo, nami nikapata mwendo. Tulipokaribia ua wa mama nilikuwa nimeshasema kizuri na kuinua mguu niendelee.

"Ile," akasema kutoka juu, akinyoosha kidole. "Ile umeipita mbio."

Ni kweli, nilikuwa nimekipita mbio. Nikarudi, nikapiga magoti, nikaangalia.