Mwimbaji wa Mbele Nisiyemwamini

Mwimbaji wa mbele simwamini. Siyo huyu tu, wote. Mtu anayeweza kusimama mbele ya watu mia mbili asiowajua, akafumba macho kama yuko chumbani kwake, huyo ana jambo lake. Mimi napiga dramu. Nakaa nyuma, na miaka yote hii kazi yangu imekuwa kuitazama migongo yao. Watu wanaona sura, wanapiga makofi. Mimi naona jasho, naona bega linalotetemeka, naona mkono uliofichwa nyuma ukikunja ngumi. Usiniambie habari za mwimbaji wa mbele.

Bendi yetu ni ya roki, na hapa Dodoma ukisema una bendi ya roki mtu anakuuliza ni kwaya ya kanisa gani. Tuko wanne. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anapiga gitaa la solo. Besi anapiga Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na ndiye anayetupa stoo yake tufanyie mazoezi kila Jumapili mchana, katikati ya mifuko ya saruji. Wa nne ni mwimbaji, na hao ndio wamekuwa wakibadilika. Wa kwanza alikuwa mzuri wa sura na alilijua hilo kuliko nyimbo. Wa pili alikuwa na sauti ya kutikisa mabati, lakini kila wimbo aliuimba kama anagombana nao. Wa tatu alihamia Dar bila kuaga, na baada ya miezi tukamwona kwenye simu anaimba wimbo wetu, kaandika jina lake peke yake. Tangu siku hiyo nikasema, mwimbaji mwingine akija nitamkodolea macho mpaka akome.

Huyu wa sasa aliletwa na kaka. Ni Mrangi wa Busi, huko Kondoa, na kazi yake ni kupima viwanja. Wakati ule alikuwa Nzuguni, kutwa juani anapigilia vigingi. Mfupi, sauti imekwaruza, shati limepauka mabegani. Nilimtazama nikasema moyoni, kaka amechoka sasa. Na alichofanya siku ya kwanza ndicho kilichonitia wasiwasi: hakuimba. Alimsalimia kila mtu, akauliza habari za nyumbani, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akasikiliza mpaka tukafunga vyombo. Jumapili iliyofuata, vilevile.

"Huyu anatupeleleza," nilimwambia kaka.

"Anasikiliza, mdogo wangu."

"Anasikiliza nini Jumapili mbili? Sisi redio?"

Kaka akacheka. Mimi sikucheka.

Alipoanza kuimba nikaona mengine ya kushuku. Onyesho lake la kwanza nasi lilikuwa kwenye mahafali ya chuo kimoja. Alifika katikati ya kiitikio, akafunga mdomo, akainamisha kichwa kidogo upande wa watu. Nikajua tu, kasahau maneno, tumeumbuka. Lo! Wale watu wakamalizia wenyewe, kiitikio walichokisikia mara mbili tu. Mwenye duka alitabasamu mpaka mwisho wa onyesho. Nilipomuuliza mwimbaji kama kasahau, alisema hapana, alitaka kusikia wao wanakiimbaje. Jibu gani hilo? Watu wametoka majumbani kwao kuja kumsikiliza yeye, na yeye anawasikiliza wao.

Sasa wimbo uliotufanya tujulikane kidogo hapa mjini ni wa mama yangu mzazi. Mama anaishi kijijini, ukiacha barabara ya kwenda Mtera unaingia ndani kidogo. Kwenye ngoma za wanawake yeye ndiye alikuwa mwanzishaji. Anarusha mstari, wenzake wanapokea. Kwetu huko wimbo ni kupokelewa. Ukianzisha ukakosa wa kukupokea, umevuliwa nguo mbele za watu, heri ungenyamaza. Mimi tangu mdogo nilikuwa upande wa wapokeaji, ngoma ya muheme, ile ya wanawake wa Kigogo, katikati ya miguu, na kila mtu alisema mikono hii ni ya mama yangu. Kwa hiyo nilichoipa bendi ni kiitikio na mapigo. Kaka akavipakia gitaa la kunguruma, na beti tukaweka za Kiswahili za kuungaunga.

Jumapili moja yule Mrangi akaniuliza, "Dada, beti zake halisi ziko wapi?"

"Ziko kwa mama."

"Wewe huzijui?"

Nilimwambia hazimhusu, aimbe alichopewa. Ukweli ni kwamba sikuzijua. Nilijua kupokea tu. Nilidhani beti zipo, ni zangu, zitanifikia kama lile shamba la mama litakavyonifikia siku moja, bila mimi kumwambia mtu lolote. Mama ana mtoto mmoja. Nani mwingine angezichukua?

Haukupita muda, Mrangi akamletea mwenye duka perege wakavu wa bwawa la Mtera.

"Mtera kuna viwanja gani vya kupima?" nilimuuliza.

"Nilipita tu, dada."

Mtu hapiti Mtera. Mtera mtu anakwenda. Jioni ileile nikampigia mama mdogo, ambaye nyumba yake imepakana na ya mama, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama kuna mgeni. Akasema, "Si yule kijana wa vigingi? Anakuja kila Jumamosi. Mtu mwema, anamsaidia mama yako kuchagua mawe kwenye mtama."

Kila Jumamosi! Kwa mama yangu! Na mimi mwenyewe mara ya mwisho nilikwenda lini? Sikutaka kulijibu hilo. Nilimkumbuka yule wa Dar na wimbo wetu kwenye simu, nikasema huyu naye ndiyo hivyo, ila yeye kaenda kuchota kisimani kabisa. Jumamosi iliyofuata nikapanda basi asubuhi, sikumwambia mtu.

Niliwakuta. Nilisimama nje ya ua wa miiba, nikawaona vizuri kabisa. Mama kakaa kwenye kigoda, ungo mapajani. Mrangi kakaa chini, miguu kaikunja kama mtoto wa chekechea, simu kaiweka juu ya jiwe inarekodi. Mama anarusha mstari kwa Kigogo, yeye anaurudia. Anauharibu. Mama anacheka, anaokota kijiwe kwenye ungo, anamrushia kifuani. Anarudia tena. Mama yangu huyohuyo ambaye nikimpigia simu ananiambia koo linamsumbua, hawezi kusema sana.

Nilitakiwa kupiga hodi, niingie, nipige goti nimsalimie. Nikageuka. Nilirudi barabarani kusubiri basi na nikarudi Dodoma bila kumsalimia mama yangu. Naliandika hapa na aibu yake yote. Na njia nzima sikumuwaza mama, niliiwaza ile simu.

Mwezi uliofuata kijiji cha mama kikazindua kisima, wakatuita tupige. Jukwaa letu lilikuwa tela la trekta, saa tisa mchana, jua limesimama. Mama alikaa mbele na wanawake wenzake, na ngoma zao za muheme wameziweka chini wakingoja zamu yao. Mrangi akaniinamia.

"Dada, tufungue na ule wa mama. Kwa beti zake."

"Sawa," nikasema. Moyoni nikasema, utaona leo.

Utaratibu wetu ni kwamba yeye anarusha mstari wa kwanza peke yake, dramu zinaingia, wote tunapokea. Akarusha. Mimi nikaweka vijiti mapajani.

Kaka alinigeukia, mkono wake umebaki hewani. Besi ilitoa sauti moja, ikanyamaza. Uwanja ukawa kimya mpaka nikasikia kengele ya mbuzi huko nyuma ya shule. Ndiyo, nilikusudia. Nilitaka aumbuke hapo hapo, mbele ya watu wa kwetu, ajue huo wimbo una wenyewe.

Akarusha tena mstari uleule. Kimya. Nilimngoja ageuke. Yule wa kwanza angechekacheka, wa pili angemtukana fundi mitambo, wa tatu angeshuka jukwaani. Huyu mgongo wake haukutikisika. Nikautafuta mkono unaokunja ngumi, sikuuona, mikono yote miwili ilikuwa wazi. Akarusha mara ya tatu, kwa sauti ya chini, Kigogo chake kibovu, kisha akarudi nyuma hatua moja akasimama anangoja. Hakuwaomba kwa mikono, hakujichekesha. Alingoja tu kama anayejua kuna mtu nyumbani.

Mama akapokea.

Sauti ilikuwa imepasuka, nusu yake upepo, lakini nani asingeijua? Mama mdogo akapokea, wanawake wote wakapokea, mmoja akavuta ngoma yake, mwingine yake, vumbi likaanza kupanda. Mrangi akasogea tena mbele, akarusha ubeti wa pili. Kaka akaingia na gitaa, besi ikamfuata. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dramu kama mzigo ulioachwa stendi. Nilitamani kuingia, Mungu ni shahidi, ila sikuona pa kuingilia. Palikuwa pameshajaa.

Tulipomaliza nilimfuata mama pale alipokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeamua kunisalimia."

Akaendelea taratibu, "Nilikuona siku ile pale uani. Nikadhani kuna kitu umesahau kwenye basi, unakwenda kuchukua. Nikakuwekea ugali."

"Mama, kwa nini umempa wimbo yule? Si wa kwetu. Ataupeleka Dar, atauandika jina lake."

"Aliomba."

"Mimi ndiye mwanao!"

"Nani amebisha?" Akashika koo, akanyoosha mkono apewe maji. Mazungumzo yakaishia hapo.

Baada ya mavuno koo lake likazidi. Tulimleta hospitali mjini, wakamtibu, wakasema apumzishe sauti. Imepumzika mpaka leo haijarudi. Anaongea kwa kunong'ona, na kuimba haimbi. Nilimhudumia wiki tatu kwangu, na siku moja nikiwa namchana nywele nikajikaza nikamwambia, "Mama, nifundishe zile beti." Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, akaninong'oneza, "Kwa koo gani, mama yangu? Nenda kwa Mrangi."

Basi nikaenda kwa Mrangi. Kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimkuta stoo Jumapili kabla wengine hawajafika, nikamwambia haraka haraka nisije nikaghairi, "Nifundishe beti za mama." Nilitegemea maneno. Angeweza kunisema kuhusu siku ya kisima, na alikuwa na haki. Akasogeza mfuko wa saruji nikae, akaanza.

Alinifundisha beti nne. Alinisahihisha matamshi, Mrangi wa Busi ananisahihisha mimi Kigogo, na alikuwa sahihi kwa sababu alisema kama mama anavyosema. Hapo ndipo nikaelewa kidogo kaka alichokiona. Sauti wanazo wengi. Huyu anaweza kukaa chini akarushiwa mawe na bibi wa watu kila Jumamosi mpaka akapata alichofuata. Mimi nisingeweza, nina shingo ngumu.

Halafu akasema, "Uko wa tano. Sikuuimba kisimani. Mama alisema nisiuimbe mpaka wewe uusikie kwanza. Na alikataa kuniambia maana yake, kasema nikuulize wewe."

Akauimba kwa Kigogo, na maneno yake ndiyo haya:

*Nina binti, mikono yangu ameichukua yote. Ngoma inamtii. Maneno ninayo mdomoni, nimekaa nayo mpaka yamepoa. Binti yangu hajaniomba.*

Nilikaa na vijiti mkononi. Huko nje mtu alikuwa anapakia nondo kwenye gari, nikashukuru kelele ile.

"Maana yake nini, dada?"

"Ni habari za mtama," nikasema. "Mvua imechelewa, mtama haukuzaa."

"Ndiyo maana ubeti una huzuni," akasema.

Siku hizi anauimba kila onyesho, kwa moyo wote, kama mtu anayeulilia mtama kwelikweli. Wagogo waliopo uwanjani wanaelewa kila neno. Ubeti ukifika, vichwa vinageuka kimoja kimoja, vinamtafuta mpiga dramu. Wanawake wengine wananinyooshea kidevu, wanaambiana. Yeye peke yake ndiye haelewi. Au ndivyo anavyojifanya, maana mtu anayeshinda na Wagogo kutwa kwenye viwanja vyao atakosaje hata mmoja wa kumuuliza? Juzi nilimtega. Nikamwambia, hivi wewe Kigogo bado tu? Akasema, "Kidogo, dada. Hasa mambo ya mtama," akaendelea kukunja waya wake. Mshenzi yule. Namwangalia.

Tukipiga karibu, mama analetwa, anawekewa kiti mbele. Ubeti wa tano ukianza anaacha kumtazama mwimbaji. Ananitazama mimi, na midomo yake inafuata maneno bila sauti, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Hapo ndipo pa mimi kupokea. Napokea kwa sauti kubwa, napiga, machozi yananitoka mbele za watu, na sijali tena nani ananiona.