Nilivyomnyima Grace safari ya baiskeli Ufaransa

Jamani, leo nimejiona mtu mbaya.

Madam wetu, Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Deira, Dubai, anawapeleka watoto Ufaransa kuendesha baiskeli. Eti mashambani huko kuna njia za changarawe ambazo magari hayapiti kabisa. Anataka dada mmoja wa kazi aende nao.

Asubuhi akaniuliza, "Baina yako na Grace, nani anajua baiskeli?"

Grace, dada mwenzangu wa kazi, alikuwa anaanika nguo, hakusikia. Kwao Uganda alikwenda shule kwa baiskeli. Amenihadithia mara nyingi.

Nikajibu, "Mimi, madam. Grace hajui."

Na mimi sijawahi kupanda baiskeli maishani!

Jioni madam akanipa ya mwanawe nikajaribu nyuma ya jengo. Nilianguka papo hapo.

Aliyekuja mbio kuniinua ni nani? Grace.

Akashika siti, akawa anakimbia nyuma yangu, anahema. "Usitazame gurudumu, dada, tazama mbele. Utaweza tu. Huko hakuna gari la kukugonga."

Hakuuliza hata kwa nini nimechaguliwa mimi.

Nikashindwa kuvumilia. Nikashuka, nikamwambia ukweli. Kisha nikapanda juu kumwambia madam.

"Khalas, atakwenda Grace," madam akasema. "Lakini wewe umenivunja moyo."

Sasa hivi Grace amemaliza kunisafisha goti.

Bora angenitukana.

Mngekuwa nyinyi, mngeanzaje kumwomba msamaha?