Bomba la Moshi Nililolichagua Mwenyewe

Mume wangu alikuwa mtu wa kusikiliza, ila si kunisikiliza mimi. Alisikiliza gari. Tangu bendera ya Wabelgiji iliposhushwa hadi mwaka wa sabini na mbili, miaka kumi mizima, kila asubuhi pale kwetu Rumonge nilimkuta kasimama nyuma ya lile gari, kichwa kakilaza upande, mikono mgongoni, injini inawaka na uji wake unapoa. Ukimwambia chai tayari, anainua kidole kimoja kwamba ngoja kwanza. Nilikichukia kidole kile.

Gari lenyewe aliachiwa na Mbelgiji mmoja mwenye mashamba ya michikichi, ambaye yeye alikuwa dereva wake. Uhuru ulipokuja yule bwana akapanda ndege na masanduku mawili, akamwachia ufunguo. Lilikuwa gari la Kimarekani, la kijani, injini ya silinda nane, pana kama kitanda cha harusi. Mzungu alilinunua kwa matembezi ya Jumapili. Sisi tuling'oa kiti cha nyuma tukalijaza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na madebe ya mawese, na harufu ile haikutoka tena.

Mwaka wa kwanza tu bomba la moshi likagonga mawe kwenye mto kule Gatete, likapasuka tumboni. Mtu mwingine angelipeleka kwa fundi. Mume wangu alirudi nyumbani anacheka peke yake. "Umesikia?" akaniuliza. Nani asingesikia? Mtaa mzima ulikuwa umetoka nje. Akalifunga kwa waya ili lisianguke, na tundu akaliacha kama lilivyo, kwa sababu, alisema, sasa gari lilikuwa limepata sauti yake.

Sauti ile siwezi kuiandika. Ilianza chini, ikakoroma, halafu katikati ikakatika kidogo, kana kwamba imesahau jambo, kisha ikaendelea. Watoto waliamka nayo. Kuku walikimbia nayo. Ijumaa moja aliliwasha wakati imamu yuko kwenye hotuba, na wazee wakaja kwetu baada ya swala, wapole, kanzu zao safi, na mimi ndiye niliyewapokea kwa aibu maana mwenyewe alikuwa chini ya gari. Nilimwambia, bwana, debe tupu haliachi kuvuma. Akanijibu kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hapo kila mtu alibaki na methali yake, na gari likaendelea kukoroma.

Lakini kelele zile zilikuwa na kazi, hilo nalikubali, ingawa wakati ule ungeninyonga nisingekubali. Mama yangu aliishi Kigwena, kusini kwetu, nyumba yake ikiwa kando ya barabara, michikichi nyuma yake na msitu nyuma ya michikichi. Macho yalikuwa yamemwisha. Kila Alhamisi mume wangu alimpitia ili Ijumaa awe nasi. Sasa, kwetu mkwe hamwiti mama mkwe wake kwa kupaza sauti. Haingii kwake hivi hivi, hamtaji, hata kumtazama usoni anaona haya. Mume wangu kwa mambo hayo alikuwa mkali kuliko babu zake. Kwa hiyo gari ndilo lililompigia hodi. Mama alilisikia likiwa bado kwenye kona, akavaa kitenge chake cha kutokea, na jirani yake akamshika mkono akamleta barabarani.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kikongo aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Mkristo, muuza ndagala. Naye alikuwa na faida yake. Akisikia ule mkoromo alitoka na kapu lake kichwani na mama yangu mkononi, na gari likifika wote wawili wako tayari, hakuna kusubiri. Wanawake wote wa ukanda ule walifanya hivyo. Magari yalikuwa machache, kila moja likijulikana kwa sauti yake, na kapu lilitunziwa gari linalojulikana. Lisilojulikana lilipita mikono mitupu.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na mbili waya ule ukachoka, na bomba likaanza kuburuta chini. Nikasema sasa basi, kamba imekatikia pabovu. Nikamwambia mume wangu kwamba safari hii nakwenda naye Bujumbura, na bomba jipya nitalichagua mimi, la sivyo nakwenda kukaa kwa mama na watoto wake nitamwachia. Alinitazama akaona sitanii. Tukapita Kabezi nikiwa nimeziba masikio kwa vidole, makusudi, ili aone.

Fundi wetu wa Buyenzi, mtaa mmoja wa mle mjini, alikuwa na mabomba manne yaliyong'olewa kwenye magari mengine, ameyapanga juu ya gunia kama samaki wa mnada. Akafunga moja moja, akawasha, akakanyaga mafuta. La kwanza lilitoka kwenye lori, likatoa sauti nene hata chai ikatetemeka kwenye kikombe changu. Mume wangu akafumba macho. "Hii ni ya kiume," akasema. Nikasema hapana. La pili lilikuwa na midomo miwili, fundi kaliunga mwenyewe, likilia kama mapikipiki mawili yanayogombana. Mume wangu akataka kulisikia tena. Kisha tena. Kisha akaomba fundi alifunge lile la lori tena ili alinganishe. Jua lilikuwa utosini, mimi nimekaa juu ya tairi na nguo nzuri, na wanaume wawili wazima wanajadili mbele yangu kama moshi unatoka na huzuni au na furaha. Wallahi nilitaka kulia.

La tatu halikumpendeza hata yeye. La nne lilikuwa la teksi ya hoteli moja. Fundi alipowasha nilidhani injini imezimika. Kulikuwa na pumzi tu, hhh, basi.

"Hilo," nikasema.

Mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama watoto, hili halina sauti."

"Ndiyo maana nalitaka."

Hakubisha zaidi. Aliomba tu apewe lile la zamani arudi nalo, nalo likasafiri nyuma yetu limefungwa kwenye gunia. Njia nzima hakusema neno, na kwa kuwa gari lilikuwa kimya, kimya chake nilikisikia vizuri sana.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda pamoja Kigwena. Tukasimama pale pale pa siku zote. Hakuna aliyetoka. Mume wangu akakohoa, akashuka, akatazama matairi, akakohoa tena. Mwishowe nikashuka mimi. Nilimkuta mama kwenye mkeka anabangua mbegu za michikichi, na jirani yake anachambua ndagala, hawana habari kwamba kuna mtu.

"Mumekuja na gari ya nani?" mama akaniuliza.

"Ni yetu, mama. Tumebadilisha bomba."

Akafunga kitenge. Nilipomshika mkono akaniambia, "Rudisha ile ya zamani. Ile ilikuwa macho yangu."

"Mama naye. Si gari tu hilo?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Na jirani akacheka, akasema sisi sasa ni watu wa hoteli, twapita kama wezi.

Bomba la zamani mume wangu alilihifadhi nyuma ya jiko, kaliegemeza ukutani, na kila nikienda kutoa majivu linanitia masizi. Nililivumilia wiki mbili. Ya tatu, akiwa safarini, nilimpelekea mhunzi wa mtaani, akalikata tumbo lake, akalitoboa matundu, akaliwekea miguu mitatu na mshikio. Likawa mbabula, jiko la makaa zuri sana, chuma kizito, linatunza moto mpaka asubuhi. Mume wangu aliporudi aliliona, akaliinamia akaligonga kwa kidole. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Kisha ikafika ile Aprili. Mauaji yaliyotokea kwetu mwisho wa mwezi ule sitayasimulia. Waliokuwepo wanayajua, na wasiokuwepo hata nikiwaambia hawataelewa. Nasema la gari tu. Watu wa Kigwena waliingia msituni. Barabarani magari yaliyopita yalikuwa ya kuogopwa, na mtu akisikia injini alirudi nyuma zaidi kwenye miti.

Mama alikuwa huko, na macho hana. Siku palipotulia kidogo mume wangu akaenda kumtafuta, mimi nikabaki na watoto. Kabla ya adhuhuri akarudi peke yake.

"Yuko wapi mama?"

"Nyumba iko tupu. Wote wako msituni."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimama pale petu. Injini nikaiacha inawaka. Nikakohoa."

"Ukakohoa."

"Mara nyingi."

"Hukumwita?"

Akaonekana kama mtu niliyemtukana. "Nimwite mama mkwe kwa kelele barabarani, kama naita mbuzi?"

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na nilikaribia kumpiga nao. Watu wanakufa na yeye anatunza adabu. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume, na yeye akayapokea yote amesimama. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Hata ningeita. Siku hizi wanaoita watu kwa majina ni wengi. Hakuna anayetoka kwa kuitwa. Wangetoka kwa sauti ya gari letu."

Hapo tukatazama jiko, sote wawili. Maharagwe yalikuwa juu yake, yanachemka.

Akachukua nyundo na msumari mnene, akaingia chini ya gari, akatoboa lile bomba la hoteli. Akawasha. Likapiga mluzi. "Ndivyo?" akauliza. Nikasema sivyo. Akatoboa tena, akapanua tundu kwa patasi. "Ndivyo?" Likawa linabweka. Nikasema lile lilianza chini zaidi. Akapiga nyundo, jasho linamtiririka, akatia waya ndani, akautoa, na kila mara akarudi kuwasha na kunitazama mimi. Miaka kumi yeye alisimama nyuma ya gari akisikiliza, lakini aliyekuwa nalo masikioni lilipokuja kwa mbali, kutoka Kigwena, kutoka Gatete, nilikuwa mimi jikoni. Mimi niliyesema sitaki kulisikia ndiye niliyelijua.

"Bado," nikamwambia. "Ule mkato wa katikati haupo."

"Mkato gani?"

"Linakatika kama limesahau kitu. Miaka yote hiyo hukuusikia?"

Alikaa kitako akafikiri. Akabonyeza bomba kwa nyundo karibu na tundu, pigo moja. Akawasha. Likaanza chini, likakoroma, likakatika, likaendelea. Machozi yalinitoka na nikamwambia azime, asimalize mafuta.

Kesho yake asubuhi niliwaacha watoto kwa majirani nikaenda naye. Tulifika kwenye kona akalegeza mwendo, akalikanyaga na kuliachia, akalikanyaga na kuliachia, ndivyo alivyokuwa akifanya kila Alhamisi. Tukasimama. Kila mtu wa barabara ile alitusikia, wema na wabaya, na sisi tumekaa ndani tunangoja. Sikuwahi kuogopa hivyo.

Mama akatoka kwenye michikichi peke yake. Alikuja kwa masikio, mikono mbele, kitenge kimechanika, miguu imevimba. Nilimkimbilia. Akaligusa gari kwanza kabla ya kunigusa mimi, akasema, "Imefanana. Lakini siyo yenyewe."

"Jirani yuko wapi?" nikamuuliza.

"Alikuwa na mimi mpaka jana. Alinishika mkono siku zote. Jana tukasikia gari likasimama hapa, lisilojulikana, linapumua tu, mtu anakohoa. Akasema hili si la kwetu, twende ndani zaidi. Miguu yangu ikakataa. Nikamwambia aende."

Mume wangu alikuwa ameshika usukani, akasikia. Tulisubiri. Aliliacha gari likinguruma, akalikanyaga mara nyingi kuelekea msituni, mpaka mama mwenyewe akasema tuondoke.

Tulirudi Rumonge kuwachukua watoto, kisha gari tukaliacha Nyanza-Lac, tukavuka kwa mtumbwi hadi upande wa Kigoma na watoto, mafurushi mawili na lile jiko. Mama aliishi nasi huko miaka sita. Jirani hakuonekana tena, wala kwa watu waliovuka baada yetu hakuna aliyekuwa na habari zake. Majira ya mvua mama alipenda kukaa karibu na mbabula, viganja vyake juu ya moto, na alikuwa akiisifu kwamba chuma chake ni cha zamani, cha siku hizi hakitunzi joto namna hii. Jioni moja, mimi nakoroga maharagwe, akasema, "Ile bomba ya zamani ingekuwapo siku ile ya kwanza, mwenzangu angetoka na kapu lake." Kisha akaniuliza tulilitupa wapi. Mume wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama, akainua kile kidole chake, kwamba ninyamaze, nami kwa mara ya kwanza nikamtii.