Ua la Mama Zuhura Mbele ya Wakulima wa Zabibu

Kuna watu wa Hombolo ambao mpaka leo tukikutana sokoni hawaniulizi habari za nyumbani, wananiuliza habari za ua, na mimi, mtu mwenye mvi na heshima kidogo ya fundi wa redio na pampu (kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufungua, kufunga na kusoma vitabu vya kuazima), nawajibu kwa adabu kwa sababu sina pa kukimbilia.

Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa amekwenda Kondoa kumuuguza mama yake. Aliniachia nyumba yetu ya Ipagala na ua lake moja, la majani mapana, alilolipata kwa kukata kipande cha ua la mama yake huyo huyo na kukiotesha kwenye chungu karibu na dirisha la sebuleni. Hakusema mengi. "Baba Zuhura, hili usiniulie." Basi. Na kila jioni alipopiga simu, baada ya habari za mgonjwa, aliuliza, "Na ua?" nami nikajibu, "Lipo, linapendeza," kama nilivyomjibu alipouliza kuhusu mimi.

Yote mawili hayakuwa kweli. Mimi nilikuwa nakunywa chai ya rangi nimesimama, nalala kwenye kochi, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na nikitazama dirishani naliona nalo limelegea mabega (najua ua halina mabega, lakini mngeliona mngesema hivyo hivyo), tukawa tunatazamana asubuhi kama wagonjwa wawili wa wodi moja. Niliogopa. Mtu ana mama kitandani, halafu umwambie kwamba na ua la mama yake linakufa? Sasa, kwetu Dodoma kitu kikiinama kina kiu, hilo halihitaji kitabu, kwa hiyo kila maji ya bomba yalipotoka, ndoo zikijaa, yanayobaki nalimwagia ua. Na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, chungu nilikitia ndani ya ndoo ndogo ya rangi ili zulia lisilowe. Likazidi kuinama, nikazidi kulimwagia.

Siku hiyo shemeji Idi, kaka yake mke wangu, anayelima zabibu Hombolo, aliniita nikamtengenezee pampu, akataja kwamba bwana shamba angekuwa na mkutano na wakulima pale pale. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: nikalibeba ua pamoja na ndoo yake. Nilipanga nimvute bwana shamba pembeni, nimwonyeshe kimya kimya, nirudi zangu kwenye pampu.

Chini ya turubai kilikuwa kimebaki kiti kimoja tu, cha mbele kabisa. Sijakaa vizuri, bwana shamba, kijana mchangamfu, akaniona.

"Shikamoo mzee. Hicho ni nini, mzabibu wa mjini?"

Watu wakacheka. "Marahaba," nikasema. "Ni ua tu la nyumbani. Tutaongea baadaye."

"Baadaye ya nini, mzee wangu? Simama utueleze, mgonjwa ana dalili gani? Tujifunze wote."

Nikasimama. Nilitaka kueleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza ubovu wa redio. "Lilianza kuinama mwenyewe alipoondoka," nikasema. "Mchana linajikaza. Asubuhi linaamka limechoka. Halina hamu. Likiulizwa, linasema halijambo..."

Mama mmoja wa viti vya nyuma akasema kwa sauti ya kufika bwawa la Hombolo, "Baba, hilo ni ua au ni wewe?"

Turubai zima likaangua kicheko. Nami nikafungua kinywa nicheke nao, ikatoka sauti ambayo haikuwa ya kucheka, na machozi nyuma yake. Bwana shamba, kwa huruma tu, maskini, akaamua kuwahamisha watu macho: akakinyanyua chungu kutoka kwenye ndoo niliyokuwa nimeikumbatia, ndoo ikaniponyoka, na maji yote, meusi, yenye uvundo, yakanimwagikia mbele ya suruali yangu ya kijivu, mahali pale pale ambapo mtu mzima hatakiwi kulowa mbele za watu.

"Mzee," akasema polepole, akiwa amelivuta ua chunguni na kushika mzizi uliolainika kama tambi, "hili halina kiu. Hili linazama."

Shemeji Idi, badala ya kunisitiri, alikuwa ameinua simu anarekodi (utani wa mashemeji hauna likizo). Pampu nilikuwa sijaifungua hata boliti moja Mama Zuhura alipopiga.

"Baba Zuhura, ua linaendeleaje?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Lakini suruali ilikuwa bado mbichi, na nilikuwa nimechoka.

"Limeoza mizizi," nikasema. "Na mimi siko sawa tangu uondoke."

Nyuma yake nikamsikia mama mkwe anakohoa, kisha anasema kitu kwa Kirangi.

"Mama ameiona video aliyotuma Idi," mke wangu akasema. "Amecheka, kisha akaomba uji. Tangu juzi alikuwa anaukataa. Anasema ua lake limejaa tele, uje ukate kipande kingine. Uje mwenyewe, Idi asikuletee."

Nilikwenda. Kipande hicho sasa kiko dirishani, kwenye chungu chenye tundu chini, bila ndoo, na zulia lina doa ambalo nimeamua kuishi nalo. Nimeapa kutobeba tena mgonjwa yeyote kwenye mkutano wa wakulima. Leo asubuhi ua limeinama kidogo, na mimi pia. Sikulimwagia maji. Nimempigia simu Mama Zuhura kabla hajapiga yeye, nikamwambia.