Kiti cha Pweza Juu ya Paa la Mama Saidi

Hivi karibuni nilitembea kwenye miamba ya Tanga maji yalipokupwa, nikaona viti vya pweza, vile viumbe vya baharini vyenye umbo la nyota, vimetulia vidimbwini, kati ya wanyama wa miiba myeusi. Nilisimama mbali. Naona aibu kusema kwamba bado naviogopa, ingawa najua havina madhara.

Cha kwanza nilikiona utotoni, Geita, karibu na kambi ya wachimba dhahabu. Mama Saidi, jirani yetu mgeni kutoka pwani, alikianika juu ya paa lake la nyasi. Kilinuka kama samaki aliyeoza. Mimi niliona mkono wa mtoto uliokatwa, na vidole vyake vitano. Asubuhi ile ndama wetu alikuwa amekufa. Mchana bibi yangu alikwenda huko na wanawake wenzake, wameshika michi, nami nikawafuata.

“Huu mkono wa nani?”

“Ni kiti cha pweza, mama. Mdudu wa baharini tu.”

“Pweza ndiye nani? Mwite aje akikalie!”

Walicheka kwa ukali. Kisha bibi akasema, “Kama si uchawi, kilambe.”

Nilifumba macho, nikingoja kishindo cha mwili ukianguka. Nilisikia sauti kavu ya Mama Saidi tu: “Chumvi.”

Alikuwa bado amesimama. Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha.

“Mmeona?” bibi aliwageukia wenzake. “Sisi tungekufa.”

Wakamwamuru aondoke kabla jua halijazama. Akafunga vitu vyake, akambeba Saidi mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyekubali kumtwika mzigo.