Ua Lililofutwa Mkiani

Tangu ujana wake Yeh Tien-fu alikuwa mpaka rangi wa Shirika la Ndege la Yushan. Alianza na nembo ya korongo ndani ya duara jekundu. Korongo alipoonekana wa kizamani, wakubwa walileta yungiyungi jeupe juu ya buluu, na Yeh ndiye aliyelichora katika mkia wa kila ndege. Mimi nilimchanganyia rangi.

Asubuhi moja ya ukungu, ndege yetu ilipita mwisho wa njia ya kutua ikatumbukia katika mashamba ya mpunga. Mkia ulibaki umesimama matopeni. Maiti wakiwa bado hawajaondolewa wote, mimi na Yeh tuliamriwa kupeleka ngazi na rangi nyeupe: ua lifutwe kabla ya wapiga picha kufika. Maiti waliweza kusubiri. Sifa ya shirika haikuweza.

Tulimkuta Bi Tseng, mama wa mhudumu wa ndege aliyefia humo, akiiita roho ya mwanawe pamoja na kuhani. Kwetu, aliyefia ugenini huitwa kwa jina palepale alipofia, na vipande viwili vya mti hurushwa chini. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekuja. Vya Bi Tseng vilikuwa vikikataa.

"Kaka," alimwambia Yeh, "usilifute kwanza. Li-hua hapajui hapa. Hilo ua ndilo alilokuwa akilivaa kolani. Ataona nini kingine cha kumleta?"

Yeh aliweka brashi chini.

Meneja wetu, Hsieh, alifika amevaa suti. "We mzee, umeajiriwa kupaka au kuomboleza?"

"Kupaka. Nitapaka mama akishajibiwa."

"Magari ya televisheni yako barabarani!"

"Basi panda wewe, bosi. Suti hiyo itapendeza ikipata madoadoa."

Naye akapanda! Mtu mzima, aliyezaliwa na mama, alipanda ngazi na kupaka huku kuhani akiliita jina la marehemu. Kila Bi Tseng alipoinua macho, petali moja ilikuwa imetoweka. Vipande vilikataa tena.

Ndipo Yeh alipoichukua ndoo iliyobaki, akapiga magoti kwenye njia ya saruji iliyogawa mashamba, akalichora yungiyungi zima miguuni pa mama yule, bila kipimo wala kamba.

"Li-hua, mama niko hapa," alisema Bi Tseng. "Njoo twende nyumbani."

Akarusha. Kimoja chali, kingine kifudifudi. Akaketi palepale matopeni, akalia kwa sauti.

"Yeh!" Hsieh alifoka kutoka juu. "Nani kakuruhusu kuchora nembo ya shirika?"

"Kwani bado ni yenu? Si ndiyo hiyo unayoifuta?"

Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata shirika lilizindua nembo mpya, mchirizi wa buluu usiofanana na kitu chochote duniani. Mwenyekiti alieleza ukumbini kwamba abiria walikuwa wamelichoka ua. Wafu hawakutajwa hata kwa neno moja, na watu walipiga makofi. Mimi niliondoka ukumbini.

Wakati huo Yeh alikuwa akipaka mabango ya maduka ya chai. Mwenye duka mmoja alipomwomba amchoree mchirizi kama ule, kwa kuwa ulikuwa wa kisasa, Yeh aliimwaga chai ya kikombe chake ikachirizika mezani, akamwambia, "Mchirizi wako huo," akabeba brashi zake, akaliacha bango nusu.